Arobaini ya Mzee Qamara

Lukresia alijua kwamba anamwonea wivu mtoto wa miaka kumi tangu baba yake alipokuwa bado hai. Alilijua jambo hilo akiwa ameshika kijiko.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa themanini na nne, na kifua cha mzee Clemensi Qamara kilikuwa kimekwisha kabisa. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Kila asubuhi bintiye alimwegemeza ukutani, akamfunga blanketi mabegani, akakoroga uji na kumlisha taratibu kama mtoto. Na kila asubuhi, kijiko cha kwanza kikiwa njiani, mzee alifumba midomo.

"Marsela amekula?"

"Amekula, baba."

"Amekula nini?"

"Makande ya jana."

"Na maziwa?"

"Na maziwa, baba. Fumbua kinywa."

Hapo ndipo alipokubali kula. Lukresia alihesabu kimoyomoyo: miaka miwili amemwogesha, amemgeuza, amefua mashuka yake kwa majani pale sabuni ilipoadimika dukani. Katika miaka miwili hiyo mzee hakuuliza hata siku moja kama Lukresia amekula.

Marsela hakuwa na kosa. Alikuwa binti wa Hyasinta, mdogo wake Lukresia, aliyemwacha kwa babu yake akiwa na miaka mitatu alipokwenda kuolewa Mto wa Mbu. Mzee alimpokea kama mtu aliyekabidhiwa moto kwenye baridi. Masika ilipojaza korongo alimbeba mabegani hadi ng'ambo, akamwacha shuleni, na mchana akamfuata. Alimnyoa nywele mwenyewe, maana alisema wanawake wana haraka. Darasa la kisomo lilipofunguliwa kijijini akajiandikisha, mvi kichwani, ili mtoto akianza shule asimkute babu yake hajui hata herufi moja. Kijiji kizima cha Daa kilicheka kwanza, kisha kikamsifu.

Lukresia hakucheka wala hakusifu. Yeye alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la pili kwa mapadri, siku baba yake alipokuja akasimama mlangoni mwa darasa na fimbo yake. Mwalimu alimwomba amwachie mtoto, ana akili. Mzee, ambaye siku hizo hakuwa mzee, alijibu kwa sauti ambayo darasa zima lilisikia: "Ng'ombe hawasomi, lakini wanataka mtu." Akamshika mkono wakaondoka. Ubao wake wa kuandikia ulibaki juu ya dawati. Aliporudi nyumbani miaka mingi baadaye, baada ya ndoa ya miaka sita isiyo na mtoto, alikabidhiwa tena ng'ombe wa kuchunga.

Mzee Qamara alikufa mwanzoni mwa Juni, saa nne asubuhi, Lukresia akiwa amegeuka kuchukua maji ya moto. Neno lake la mwisho lilikuwa swali. Aliuliza kama mtoto amerudi kutoka shule.

*

Wiki moja kabla ya arobaini, ndugu walikutana kupanga shughuli. Hyasinta alikuja kwa basi akiwa na kilo mbili za sukari zimefungwa kwenye kanga, na mwaka ule mtu mwenye sukari alikuwa mtu. Alianza kulia tangu kwenye kijia, kwa sauti, akiita, "Baba, uliniacha wapi?" Wanawake wakamkimbilia, wakamshika huku na huku, wakamkalisha kwenye kiti cha marehemu. Mmoja wao alimgeukia Lukresia aliyekuwa amesimama na karai la maharage.

"Mama, ongeza kuni. Mwenzio amefiwa huyu."

Lukresia akaenda kuongeza kuni.

Ndani, baba mdogo Tluway, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Katekista Josephati alikuwa na karatasi mapajani. Alisema baada ya misa utasomwa wasifu wa marehemu, na ingependeza usomwe na mjukuu, kwa kuwa mzee na mjukuu wake walikuwa chanda na pete. Hyasinta akatamka, Josephati akaandika. Alizaliwa Kainam, Mbulu. Akahamia Daa. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa baba mwenye upendo na babu wa kuigwa.

Lukresia aliyasikia yote akiwa jikoni, kwa kuwa ukuta ulikuwa wa fito. Hakuna aliyemwita kuuliza lolote.

"Limebaki jambo moja," alisema baba mdogo Tluway. "Rafiki yake wa kule Nainokanoka, yule Mmasai, Senteu. Hajapata habari. Kaka yangu angenilaumu hata kaburini."

"Nani aende? Vijana wote wako kwenye ngano," Josephati akasema.

"Aende Lukresia. Hana mtoto wa kunyonyesha wala mume wa kumwomba ruhusa." Baba mdogo hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jembe lililo karibu. "Na Marsela afuatane naye, shule zimefungwa. Njia anaijua, alikwenda na babu yake mara nyingi."

*

Walipata lori la unga Karatu, wakaketi juu ya magunia pamoja na mama mmoja mwenye kuku. Langoni mwa hifadhi askari aliuliza wanakwenda wapi, Marsela akajibu kabla ya mama yake mkubwa, "Nainokanoka, kwa Senteu," na askari akacheka, "Babu yuko wapi leo?" Mtoto akainamisha uso. Lukresia akasema, "Amefariki." Askari akavua kofia. Hata askari wa langoni alimjua mzee na mjukuu wake. Lukresia ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupita pale.

Lori liliwashusha ukingoni mwa kreta, ukungu ukiwa mzito hata shimo lenyewe halikuonekana. Wakatembea. Baridi ya Julai ilipenya kanga mbili na sweta. Mtoto alitangulia, akichagua njia bila kusita. Hapa Babu alipumzika. Hapa punda wetu alikataa kupita. Hapa tulikula viazi. Kila alipoonyesha, Lukresia aliitikia "Mhm," na kila "mhm" ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Walifika bomani alasiri. Watoto wa pale walipomwona Marsela walipiga kelele, "Nareyu! Nareyu!", ndilo jina walilompa, na mwanamke mtu mzima mwenye shanga hadi mabegani akatoka akikimbia. Alikuwa Nosim, mke mkubwa wa Senteu. Marsela akainamisha kichwa kama watoto wa Kimasai wafanyavyo, Nosim akamwekea kiganja utosini, kisha akamkumbatia.

"Na huyu mama?" Nosim aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, akimtazama Lukresia kuanzia ndala hadi kilemba. "Ni yule anapika kwenu?"

"Ni mama mkubwa," alisema Marsela.

"Mimi ni binti wa Qamara," Lukresia akasema. "Wa kwanza."

Nosim akaziba mdomo kwa mkono. "Sisi tunajua ana binti mmoja tu, mama wa Nareyu."

Senteu mwenyewe alikuwa mzee mrefu, jicho moja limeingia ukungu. Alipoambiwa habari hakulia. Alikaa juu ya kigoda, akachora ardhi kwa ncha ya fimbo, akasema, "Pakiteng," jina wanaloitana watu waliopeana ng'ombe, akalirudia mara tatu kama anayeita mtu aliye bondeni. Wakaletewa maziwa kwenye vibuyu. Kisha yule mzee akamgeukia Lukresia na jicho lake zima.

"Umesema wewe ni binti wa kwanza."

"Ndiyo, mzee."

"Basi ni wewe wa ng'ombe."

Lukresia hakuelewa.

"Pakiteng aliniambia. Siku ya kwanza alipomleta huyu mdogo, tulikaa hapa hapa. Nikamwambia, Qamara, unambeba mtoto kama yai, miguu hana? Akasema, 'Senteu, nilikuwa na mwingine. Nilimtoa darasani kwa mkono wangu huu. Mwalimu alisema ana akili, nikaona ng'ombe ni bora. Ng'ombe wale wote walikufa kwa ugonjwa mwaka wa pili.' Alisema hivyo. Na kila akija anasema tena."

Lukresia aliweka kibuyu chini. "Alikwambia lini, mzee?"

"Sasa ni miaka saba."

"Saba."

"Nikamwambia, nenda umwambie mwenyewe. Akasema, 'Nitamwambia nini? Ni mtu mzima sasa. Nikimwangalia naona haya, basi namwangalia huyu mdogo.'"

Mtu mwingine angepoa moyo kwa maneno hayo. Lukresia hakupoa. Aliinuka bila kuaga, akatoka nje ya boma, akashika miiba ya ua kana kwamba ni ukuta. Miaka saba! Miaka saba amelala chumba cha pili, ukuta wa fito katikati, akimsikia anavyokohoa. Miaka miwili amemshika kichwa kila asubuhi, uso kwa uso, pumzi kwa pumzi. Na neno hilo moja mzee alilipakia juu ya punda, akalivusha msitu wenye nyati, akaja kumpa mtu baki. Hata majuto yake, aliwaza Lukresia, hata majuto yake yalikuwa na mtu wa kuyapokea, na mtu huyo hakuwa mimi.

Nosim alimfuata, akamfunika shuka jekundu begani. Walisimama pamoja mpaka ng'ombe walipoanza kurudi.

*

Kesho yake waliposubiri gari ukingoni, ukungu ulifunguka ghafla na kreta ikaonekana chini, na lile ziwa lake jeupe. Marsela akaruka.

"Mama mkubwa, tazama! Babu alisema pale ndipo alipomwona faru akiwa kijana. Babu alisema nikimaliza la saba atanileta tushuke mpaka chini. Babu alisema..."

"Nyamaza!" Lukresia alijikuta anapiga kelele. "Babu, Babu! Unadhani alikuwa wako peke yako? Alikuwa baba yangu kabla mama yako hajazaliwa. Wewe ulikula makombo tu ya haya yake!"

Mtoto hakuelewa maneno, lakini alielewa sauti. Alirudi nyuma hatua moja, akakaa juu ya jiwe, akaficha mikono ndani ya sweta. Hakusema neno tena hadi Karatu, wala kutoka Karatu hadi Daa. Lukresia alitamani kumwambia kitu, lakini kila alipofungua kinywa alimwona askari akivua kofia, na Nosim akikimbia mikono wazi, na kinywa kikafunga chenyewe.

*

Siku ya arobaini watu walijaa uani hadi kwenye zizi. Misa ilisomwa, nyama ikachemka, pombe ya mtama ikasubiri chini ya turubai. Senteu alifika na wanawe wawili, wamevaa mashuka mekundu, wakapewa benchi la mbele. Lukresia alikuwa kwenye masufuria, moshi machoni.

Josephati akampa Marsela karatasi. Mtoto alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili aonekane, akasoma kwa sauti nyembamba isiyoyumba. Alizaliwa Kainam, Mbulu. Akahamia Daa. Watu walitikisa vichwa. Hyasinta alilia kwa mpangilio, akinyamaza pale mtoto alipovuta pumzi.

"Marehemu aliwapenda watoto wake wote sawasawa," Marsela alisoma, "na aliwasomesha wote bila..."

Akasimama. Macho yake yakatoka kwenye karatasi, yakapita juu ya vichwa vya watu, yakamtafuta mama yake mkubwa penye moshi.

"Endelea, mwanangu," Josephati akanong'ona. "Bila ubaguzi."

Mtoto hakuendelea. Lukresia akaweka mwiko chini. Baadaye, alipoulizwa, alisema hakukusudia. Miguu ilikwenda tu. Alipita katikati ya wageni, aproni ina masizi, akasimama pembeni ya kinu.

"Hiyo mistari iruke," alimwambia mtoto. Kisha akawageukia watu. "Mimi sikusomeshwa. Nyote mnajua, tumekaa kijiji kimoja. Baba alinitoa darasa la pili nikachunge, na mwalimu akimsihi. Sijasikia mtu akisema leo, ndiyo maana nasema."

"Lukresia," baba mdogo Tluway alisema, "kaa chini, mwanangu. Leo ni siku ya kumkumbuka kaka."

"Nami ndivyo ninavyomkumbuka, baba mdogo. Nani amemkumbuka kuliko mimi? Aliyefua mashuka yake ni nani?"

"Dada, unamwaibisha baba!" Hyasinta alipaza sauti.

Minong'ono ikaanza. Mwanamke mmoja alisema wivu utamwua yule, ndio maana hakupata mtoto, naye hakujali kusema polepole. Lukresia aliyasikia. Akageuka, na angerudi kwenye masufuria yake kama fimbo isingegonga benchi la mbele.

"Mwacheni," alisema Senteu. Akainuka urefu wake wote. "Haya anayosema, mimi nilisikia kwa kinywa cha mwenyewe. Pakiteng alikuwa mtu mzuri. Pia alifanya hili. Kwetu akifa ng'ombe dume hatusemi hakuwahi kumpiga mtu pembe. Tunasema alikuwa na nguvu."

Akaketi. Baba mdogo Tluway alitazama mikono yake.

"Nilikuwepo siku ile," akasema hatimaye, polepole. "Mimi ndiye niliyemshauri. Nilimwambia kaka, wa kike wa nini shuleni." Akakohoa. "Endelea, Lukresia."

Lukresia aliyekuwa amejaa maneno kwa miaka ishirini na tisa aliona yamebaki machache. Alisema baba yake alikuwa mkali na mfanyakazi. Alisema hakuwahi kulala nje hata siku moja mama yao alipokuwa mgonjwa. Alisema aliogopa radi, na alijitahidi watoto wasijue. Watu wakacheka kidogo, kwa mshangao, maana walikuwa hawajui. Alisema alimpenda mjukuu wake mbele ya macho yao wote, na kwamba yeye, Lukresia, aliona jambo hilo likimuuma kila siku. Kisha akarudi kwenye masufuria, kwa sababu nyama ilikuwa inaungua.

*

Jua lilipoanza kushuka na wageni kupungua, Hyasinta alimkuta jikoni.

"Umefurahi sasa? Kesho naondoka na mwanangu. Siwezi kumwacha kwa mtu anayemchukia."

Lukresia alingoja kusikia nafuu moyoni. Ndilo alilolitaka, au alidhani ndilo: nyumba bila jina la Marsela kila baada ya neno la pili. Nafuu haikuja. Alijifuta mikono akaenda kumtafuta mtoto ili akunje nguo zake.

Alimkuta nyuma ya zizi, amekaa juu ya lundo la mabua, anachambua gunzi lisilo na punje. Lukresia akakaa karibu naye. Mtoto akasogea kidogo, si kwa kumpisha bali kwa kumkwepa.

"Marsela. Kule ukingoni nilikupigia kelele. Hukufanya kosa."

Mtoto akazidi kuchambua.

"Nilikuwa nakuonea wivu. Mtu mzima mimi, nakuonea wivu wewe. Alikubeba. Alikupeleka kwa watu wakakupa jina. Mimi kule hawakujua hata kama nimezaliwa."

Mtoto aliligeuza lile gunzi mikononi. Aliponena, sauti yake ilikuwa ya hasira, hasira iliyokaa ndani muda mrefu.

"Hata mimi nilikuonea wivu."

"Wewe? Mimi nina nini?"

"Wewe ulikuwa naye siku nyingi. Mimi nina miaka kumi, na ule wa kwanza na wa pili na wa tatu sikuwa hapa. Ni saba tu! Wewe ulimpata akiwa kijana. Ulimwona anakimbia. Ulimwona ana meno." Akalitupa gunzi. "Mimi nilimpata ameshazeeka, na nilijua atakufa, nikawa nakwenda shule kila siku naogopa. Na ukimlisha uji alikuwa anakushika mkono. Mimi alikuwa hanishiki mkono, alikuwa ananiuliza tu nimekula nini."

Lukresia alifumbua kinywa amkatalie, kisha akakumbuka. Ni kweli. Kila asubuhi mzee alimshika kifundo cha mkono, vidole vikavu, akakishikilia mpaka bakuli liishe. Yeye alidhani anazuia kijiko kisimwage uji.

Alimvuta mtoto, na mara hii mtoto alikubali. Walilia kila mmoja kwa sababu yake, mpaka ndama mmoja akaja kuchungulia kwenye upenyo wa zizi.

"Mama mkubwa."

"Naam."

"Alikuwaje akiwa na meno?"

"Alikuwa anavunja mifupa," alisema Lukresia. "Anavunja kwa magego, anafyonza uboho, anatupa mbwa wanagombania. Na alikuwa anakimbia, ee! Siku moja ndama alitoroka hadi shambani kwa katekista, yule wa zamani, siyo huyu Josephati..."

Uani Hyasinta aliita, "Marsela! Njoo ukunje nguo!" Akaita tena. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, kanga kiunoni, tayari kwa ugomvi, akawakuta wawili wamekaa juu ya mabua, mmoja anaonyesha kwa mikono jinsi mtu mzima alivyoruka ua wa miiba, mwingine ameshika mbavu kwa kucheka.

"Mnacheka nini siku kama ya leo?"

"Kaa, Hyasinta," alisema Lukresia, akisogea ili kupata nafasi ya mtu wa tatu. "Hii hukuiona. Ulikuwa bado unanyonya."

Hyasinta alisita, akautazama ua, akautazama mlango wa nyumba. Kisha akakunja kanga yake, akaketi.